UZI: Insha ya kushawishi sio orodha ya pointi. Nimekaa na mdogo wangu na asaimenti yake ya kufunga ziwa, naleta tulichojifunza

dada_wa_mwalo (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Nipo Kigoma, huku mwisho wa reli, nafundisha sekondari. Wiki hii mdogo wangu yupo nyumbani likizo, mwaka wa kwanza chuo, kaja na asaimenti. Swali lenyewe fupi tu: kufunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ni njia sahihi ya kuokoa samaki, jadili. Mnakumbuka 2024 ziwa lilifungwa upande wetu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, na hapa mjini kila mtu ana la kusema kuhusu hilo, kuanzia mama anayeanika dagaa Katonga mpaka bodaboda wa Mwanga, kwa hiyo nikajua dogo atatoa kitu cha moto maana kakulia mwaloni. Akanipa kurasa nne. Nikasoma, nikarudia, afu nikamwambia kaa chini tuongee.

Insha inaanza hivi: "Ziwa ni eneo kubwa la maji lililozungukwa na nchi kavu." Jamani, huyu ni mtoto wa mvuvi, na atakayesahihisha ni mtu mzima mwenye digrii zake, nani kati yao hajui ziwa ni nini? Baada ya hapo wahenga walisema. Baada ya hapo pointi: kwanza kufunga ziwa huongeza samaki, pili hutunza mazingira, tatu hukuza uchumi, nne huleta ushirikiano na nchi jirani, tano huongeza ajira. Kila pointi mistari mitano au sita. Mwishoni "kwa kuhitimisha, kufunga ziwa kuna faida nyingi kuliko hasara", na hasara hakuna hata moja iliyotajwa kurasa zote nne.

Sikumgombeza, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika hivyo hivyo mwaka wa kwanza, na karatasi yangu ilirudi na kalamu nyekundu pembeni ya kila aya, neno moja tu: "Kwa hiyo?" Aya ya kwanza kwa hiyo, ya pili kwa hiyo, mpaka ya mwisho. Nililia ile siku, niliona nimeonewa, nilikuwa nimeandika vitu vya kweli vyote. Ilinichukua kama mwaka kuelewa kwamba yule lekchara alikuwa ananiuliza swali la maana kuliko yote kwenye uandishi: umeniambia kitu cha kweli, sawa, sasa kinanipeleka wapi?

Nikachukua mkasi. Nikakata zile pointi tano kila moja kipande chake, nikazichanganya mezani kama karata, nikamwambia dogo zipange upya bila kuangalia namba. Akapanga, mpangilio tofauti kabisa na wa mwanzo, na insha ikasomeka vile vile. Nikamwambia umeona? Kama aya zako zinaweza kubadilishana viti na hakuna kinachoharibika, basi hujajenga hoja, umetoa orodha. Hoja ni kama ngazi, ukitoa kidato cha pili, cha tatu hakifikiki.

Sasa tulipoanzia. Nilimwambia weka kalamu pembeni, niambie kwa mdomo, we mwenyewe unaamini nini kuhusu kufunga ziwa? Akasema "dada mi naona ni sawa tu kufunga, ila ile mara tuliyofunga nyumbani tulikula kwa shida, na kama wenzetu ng'ambo wanavua sisi tunafunga ya nini?" Nikamwambia andika hiyo. Akasema hiyo si ya kitaaluma. Wakuu hapa ndo wengi wanapotelea, wanadhani kitaaluma maana yake ni kuficha unachofikiri nyuma ya maneno makubwa. Tukaiweka sawa ikawa hivi:

"Kufunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kunaweza kurudisha samaki, lakini kwa masharti mawili: nchi zote nne zinazolizunguka zifunge kwa wakati mmoja, na mvuvi mdogo awe na pa kujishikiza katika miezi hiyo."

Hiyo ndo hoja kuu. Kipimo changu ni kimoja, je mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga? "Kufunga ziwa kuna faida" hakuna wa kuipinga, hata anayepinga kufunga atakubali kuna faida mbili tatu. Lakini hii ya masharti inapingika pande zote, kuna atakayesema masharti hayahitajiki, funga tu, na kuna atakayesema hata na masharti hamna kitu. Ikishapingika ndo una kazi ya kufanya. Na angalieni inavyokupa mpangilio bure: lazima uonyeshe kwanza samaki wanaweza kurudi, ndipo uende kwenye nchi nne, ndipo ufike kwa mvuvi. Huwezi kuanza na mvuvi kabla hujaonyesha samaki watarudi, maana utakuwa unamwomba avumilie njaa kwa ajili ya kitu ambacho hujakithibitisha.

Naendelea chini, simu inabana.

dada_wa_mwalo

Kitu cha pili, na hiki ndo kilichonifanya nilete uzi. Dogo aliandika: "Dagaa wa Ziwa Tanganyika wana maisha mafupi, mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo ziwa lifungwe." Ukisoma haraka unaona sawa. Rudi usome taratibu. Maisha mafupi yanahusiana vipi na kufunga? Kichwani kwake inahusiana, karatasini haipo. Mtu mwingine anaweza kuchukua jambo hilo hilo akasema dagaa wanakufa wenyewe baada ya mwaka kwa hiyo tuwavue tu kabla hawajafa! Ushahidi mmoja, majibu mawili yanayopingana. Kinachoamua uende upande gani ni sentensi ya katikati ambayo dogo hakuiandika: samaki anayekomaa na kuzaa haraka ndiye anayerudi haraka akipumzishwa, kwa hiyo hata miezi michache ina maana kwa dagaa, wakati kwa samaki anayekomaa taratibu isingekuwa na maana sana.

Mimi hiyo sentensi naiita daraja. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alilieleza jambo hili mwaka 1958. Aliona watu wakibishana kwenye maisha ya kweli, mahakamani kwa mfano, hawabishani kama wanafanya hesabu. Kuna dai, kuna ushahidi, na kuna kile kinachokuruhusu kutoka kwenye ushahidi kufika kwenye dai, na mara nyingi hicho cha tatu hakisemwi. Akaongeza na vingine, kinacholishikilia lile daraja lenyewe, maneno ya kupima kama "huenda" na "mara nyingi", na mazingira ambayo dai lako linaweza kuanguka. Sio lazima uvikariri vyote, mi wanafunzi wangu nawaambia kila ukiandika "kwa hiyo" simama, jiulize nani kakupa ruhusa ya kuiandika.

kijana_wa_isevya

Dada asante sana kwa madini haya. Nipo Tabora, Isevya. Swali: mimi walimu walinifundisha utangulizi uanze na maana ya maneno, na bila hivyo unakatwa maksi. Sasa tukifuata hii yako si tutafeli?

dada_wa_mwalo

Swali zuri mkuu na sitaki mtu afeli kwa ajili yangu. Maana ya neno iweke pale ambapo neno lenyewe lina ugomvi. "Ziwa" halina ugomvi. "Kuokoa samaki" lina ugomvi, je ni kuongeza idadi, au ni kuhakikisha wavuvi wanapata kila mwaka, au ni kulinda aina zisipotee? Hayo ni mambo matatu na kila moja lina insha yake. Ukifafanua hilo umefuata utaratibu na umeifanyia kazi hoja yako kwa mkupuo mmoja. Na kwenye mtihani wa dakika arobaini toa pointi zako kama walivyosema, ila ziunganishe, pointi ya pili ianze na kilichobaki bila jibu kwenye ya kwanza.

mzee_wa_gungu

Mwanangu, suala la wahenga walisema umelipita haraka. Methali ni hekima ya watu wetu, kwa nini isiwe ushahidi?

dada_wa_mwalo

Shikamoo mzee wangu. Sijaidharau methali, nazitumia kila siku. Ila tazama, mmoja akisema haraka haraka haina baraka, mwenzake anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili wahenga wako upande wao. Methali inapamba jambo ambalo msikilizaji ameshalikubali, au inamfungulia mlango alisikilize. Kumthibitishia jambo analolikataa haiwezi. Nukuu za wasomi nazo ni hivyo hivyo, unakuta mtoto anaandika "kama alivyosema fulani" afu anafunga aya, anaona kazi imeisha kwa sababu jina kubwa limetajwa. Nukuu ikishakaa ndo kazi inaanza, sema kwa maneno yako inathibitisha nini na inaishia wapi.

dada_wa_mwalo

Sasa nifike kwa baba, maana sehemu hii ndo nilijifunza na mimi.

Jioni ya juzi tulikuwa uani, mama anachagua dagaa kwenye ungo anatoa mawe na takataka, baba anashona nyavu. Nikamwambia dogo msomee baba. Akasoma rasimu ya pili, ile yenye daraja. Baba kavua tangu enzi za karabai mpaka sasa wanatumia taa za sola. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, afu akauliza, "Mwanangu, huku kwetu mbalamwezi ikiwaka tunavua?" Dogo akasema hapana baba. "Tunakaa siku ngapi?" Kama wiki. "Kila mwezi?" Kila mwezi. "Basi ziwa linafungwa mara kumi na mbili kwa mwaka na hakuna aliyetutangazia. Hayo mapumziko mnayotaka kutupa sisi tunayo."

Dogo akakaa kimya. Kwa wasiojua, dagaa wa huku wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanaifuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu kwa hiyo mitumbwi inalala ufukweni. Hoja ya baba haikuwa kwenye kitu chochote dogo alichosoma mtandaoni, na ni nzito kuliko zote.

Dogo akataka kuiacha, akasema dada hii sio lazima niiweke, msahihishaji haijui. Hapo nilikasirika kweli. Upande wa pili ukiuweka kwenye insha uuweke kwa nguvu zake zote, kama vile mwenyewe anasimama kuusema. Wanafunzi wengi wanaandika "wapo wanaopinga kwa sababu ya kukosa elimu" afu wanamjibu huyo mjinga waliyemtengeneza wao. Msomaji anaona. Na anayepinga kweli akisoma anajua hujamsikiliza, hata ukimletea ushahidi mzuri hatakuamini tena.

Tukakaa mpaka saa sita usiku kutafuta jibu la baba. Tukapata mawili. La kwanza, wiki moja ni fupi, kifaranga cha dagaa hakikui kwa wiki moja, mwezi ukififia taa zinawaka anakutwa bado mdogo. Miezi mitatu mfululizo ni kitu kingine. La pili dogo alilipata mwenyewe na nilifurahi: mbalamwezi inamzuia mvuvi wa taa tu, kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, halihitaji taa, linavutwa kutokea ufukweni, na kule karibu na ufukwe ndiko samaki wengi wadogo wanakolelewa. Kokoro limekatazwa na sheria lakini linavutwa. Kwa hiyo baba yuko sahihi kwa baba na wenzake wa taa, ila ziwa zima halipumziki mbalamwezi ikiwaka.

Mnaona insha ilivyobadilika? Hatukumshinda baba. Tumeonyesha hoja yake ni ya kweli mpaka wapi. Asubuhi dogo akamsomea tena, baba akasema "hapo sawa, ila bado hujaniambia nitakula nini." Na hilo ndo sharti la pili la hoja kuu, likawa na aya yake kamili badala ya nusu sentensi.

mtafiti_njiani

Uzi mzuri mno. Naongezea, mdogo wako akumbuke kuna upande mwingine mzito, wa joto. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003 unaosema ziwa limepata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini, na walikadiria uzalishaji wa mimea midogo ya majini, ambayo ndo msingi wa chakula ziwani, umeshuka kama asilimia 20, ambayo inaweza kumaanisha samaki kupungua kama asilimia 30. Mwaka 2016 ukaja mwingine, walichimba tope la chini ya ziwa wakaona mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Sasa kama tatizo ni joto, kumfungia mvuvi ni kumwonea.

dada_wa_mwalo

Mkuu ubarikiwe, na umetoa mfano mzuri wa hatua ambayo watu wengi hawaijui. Ukikutana na ushahidi mzito wa upande wa pili kuna njia tatu. Unaweza kuonyesha haujakaa sawa, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asijaribu kuangusha utafiti wa wanasayansi kwa aya moja. Unaweza kuukubali na kupunguza dai lako, ukasema kufunga ziwa hakutarudisha samaki wa zamani wote. Ya tatu ndo naipenda: uukubali wote, afu uonyeshe unapoelekea. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, kama chakula kinabaki huko chini na uwezo wa ziwa kuzalisha umeshuka, basi kiasi kile kile tulichokuwa tunavua zamani sasa kinaumiza zaidi. Mfuko ukipungua pesa, matumizi ya zamani yanageuka kuwa ya hatari. Kwa hiyo joto halimwondolei mvuvi wajibu, linafanya mapumziko yawe ya lazima zaidi. Ila msomaji wako ataona pia kwamba mvuvi hajasababisha joto hilo, kwa hiyo sharti la kumsaidia linapata nguvu mara mbili. Nampelekea dogo sasa hivi, hii inakaa kabla ya aya ya baba.

Na mpangilio mnaouliza inbox: mimi sianzi na pointi dhaifu, msomaji atakuhukumu nayo. Naanza na imara, dhaifu kidogo inakaa katikati ikisindikizwa, na nzito kuliko zote inakuja mwisho ikikabidhi kwenye hitimisho. Lakini kama pointi zinategemeana kama za ziwa, zinavyotegemeana ndo zinavyopangwa.

bi_mdogo_chuo

Dada mimi shida yangu ni lugha. Asaimenti ni ya Kiingereza, kichwani nafikiri Kiswahili, nikianza kuandika hoja inapotea nabaki kutafuta maneno.

dada_wa_mwalo

Mdogo wangu hilo ni kubwa na haliko kwako peke yako. Fanya hivi, mrekodie rafiki yako sauti ya dakika tatu kwa Kiswahili, mweleze unachoamini na kwa nini, kama mnabishana kweli. Mwambie akujibu kwa kukupinga. Sikiliza zile sauti, utakuta mpangilio upo tayari, pale alipokuuliza "kivipi?" ndo pale daraja lilikosekana. Andika mifupa kwa Kiswahili mistari sita saba, ndipo uivalishe Kiingereza, sentensi fupi fupi. Insha yenye hoja iliyonyooka na Kiingereza cha kawaida inasomeka vizuri kuliko yenye maneno ya kamusi ambayo mwandishi mwenyewe hayaelewi.

kijana_wa_isevya

Dada naomba nipime na ya kwangu. Hoja kuu: "Kilimo cha tumbaku kina madhara kwa mazingira ya Tabora."

dada_wa_mwalo

Nani anapinga? Kila mtu Tabora anajua tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni na kuni zinatoka msituni. Ugomvi hauko hapo. Ugomvi ni nini kifanyike na nani alipe gharama. Jaribu tena, weka na mtu atakayekukatalia.

kijana_wa_isevya

"Mkulima wa tumbaku Tabora asilazimishwe kuacha zao hilo mpaka awe na zao lingine lenye soko la uhakika, lakini kuanzia sasa kila anayekausha kwa kuni awe na shamba lake la miti."

dada_wa_mwalo

Hapo umefika mkuu! Wa mazingira atakupinga kwa nusu ya kwanza, mkulima atakupinga kwa nusu ya pili, una vita pande mbili na kila moja inakupa aya. Unamjua mkulima yeyote atakayeikataa hiyo ya shamba la miti?

kijana_wa_isevya

Bibi yangu yupo Urambo. Tumbaku ndo imenisomesha. Atasema ekari ya kupanda miti ni ekari aliyonyimwa mahindi.

dada_wa_mwalo

Hiyo ya mahindi haikuwepo kichwani mwangu kabisa. Mpigie kesho asubuhi kabla hujaandika mstari hata mmoja, muulize ana ekari ngapi na kila msimu anachoma kuni kiasi gani, afu urudi hapa utuwekee alichosema.